Ukucha Uliopotea Wiki ya Arusi

Nyinyi mnaofungua injini siku hizi huku mmeuma simu mdomoni ili taa yake iwamulikie, shusheni kwanza hiyo simu, futeni mate, mnisikilize. Mimi ndiye Mama Furaha, yule mama fundi mwenye mlango wa bati la bluu, kwenye barabara ya uwanja wa ndege hapa Bunia. Nimefungua na kufunga injini za malori tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponigomea. Sasa nimestaafu, maana yake watu wanaleta vyuma vyao nyumbani kwangu badala ya karakanani, na mimi nakaa kwenye kiti na kuwapigia kelele.

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini ukucha wa gumba langu la kuume ni mrefu na kucha nyingine zote nimezikata. Mmoja alidhani ni nadhiri. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mganga aliyenipa sharti. Hapana, jamani. Huu ni ukucha wa kazi, na siku ulipokatwa nilikaribia kuvunja injini ya jirani yangu na arusi ya binti yangu kwa mkupuo mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Anselmi, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, aliyevaa kofia ya sufi hata jua likiwaka. Ukucha wake wa gumba ulikuwa kitu safi kuliko vyote mwilini mwake. Hakuchokolea nao meno, hakumenyea nao chungwa. Siku moja mke wake alimwomba amfungulie fundo la gunia la mahindi, naye akaficha mkono mfukoni. "Tafuta kisu," alisema. "Hii kucha iko ya kazi." Yule mama akalifungua fundo kwa meno.

Kazi yenyewe ni hii. Tumboni mwa injini kuna mhimili mkubwa wa chuma uliopindapinda, unaozungushwa na pistoni. Shingo zake zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na kila shingo inakumbatiwa na vipande viwili vyembamba vya chuma laini ambavyo sisi tunaviita kusine. Kati ya shingo na kusine yanapita mafuta. Sasa, ukishafungua na kuosha, unapitisha ukucha juu ya shingo taratibu, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, halafu ndani ya kusine vilevile. Kama kuna mstari lakini ukucha umeupita bila kukwama, endelea na kazi. Ukucha ukikwama, weka chini spana, kwa sababu hapo kuna jeraha. Ncha ya kidole haiwezi kukuambia hayo, ina nyama nyingi na inateleza juu ya mafuta. Na simu yenye picha kubwa haiwezi pia, hata mkiituma kwa shemeji yenu fundi aliyeko Kisangani.

Jambo la pili alilonifundisha Muzee Anselmi ni kutochanganya. Mwaka wangu wa kwanza niliosha pistoni za lori zima, nikazipanga kwenye gunia kwa uzuri, ile iliyotakata zaidi mbele na zile mbaya nyuma, kama watoto wanaopigwa picha ya shule. Nilijisifu moyoni. Muzee alikuja, akatazama, akavua kofia yake ya sufi, akaikalia. Kila pistoni imezoeana na tundu lake, watoto wangu, na ukiipeleka kwenye tundu la mwenzake watagombana mpaka injini itoe moshi. Nilitumia siku mbili kutafuta nani alitoka wapi. Tangu siku hiyo akanilazimisha kuzipa majina kwa chaki: Matayo, Marko, Luka, Yoane, na injini ikiwa na sita tunaongeza Petro na Paulo.

Wateja walizoea. Isipokuwa mara moja mchungaji mgeni alipita kuuliza njia, akanisikia nikimwambia Muzee kutoka chini ya lori kwamba Marko anakula mafuta sana, Yoane ameungua kichwa, na Petro hana maana tena, atupwe. Alisimama pale mlangoni akiwa ameshika Biblia yake kwa mikono miwili. Tulimwonyesha njia lakini sijui kama alisikia.

Haya, tuje kwenye aibu yangu.

Furaha ni kitinda mimba wangu, anauza dawa kwenye famasi mjini. Alipata mchumba kijana wa Tchomia, kule ziwani, mtoto wa Papa Yona, mzee anayekausha na kuuza samaki. Bakwe, yaani wakwe zetu, wakapanda kuja kwetu kwa mara ya kwanza kujitambulisha. Nilikuwa nimejisugua mikono siku mbili kwa mchanga na ndimu. Nilivaa kitenge kipya. Papa Yona akanyanyuka, akaninyooshea mkono wake kwa heshima, na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ile ya kuwa na mikono ya mafuta, nikakunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono, kama tunavyosalimiana karakanani. Alikishika. Angefanya nini? Akakitikisa kidogo. Shangazi yake bwana arusi akainama kwa jirani yake, akauliza kwa sauti ambayo aliamini ni ndogo, "Mama eko mugonjwa wa mukono?"

Walipoondoka nilimkuta Furaha jikoni ameinamia beseni la vyombo. Nikadhani anacheka. Alikuwa analia.

"Mama, mimi sina haya na kazi yako," alisema. "Kazi yako njo imenisomesha. Lakini siku ya arusi, siku moja tu, nakuomba utoe mukono kama bamama bengine. Mukono safi. Nao baione."

Nilimwahidi. Sijawahi kuahidi kitu kwa moyo mzima kama vile, na niliumia, nisiwafiche.

Ndipo akaingia dada yangu mdogo, Rejina. Rejina ana kibanda sokoni cha kusuka nywele na kupamba kucha, na kwa maisha yake yote ameona mikono yangu kama msiba wa familia. Yeye kucha zake ni za kweli, ndefu, ngumu, amezitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Jumanne ya wiki ya arusi alinikalisha, akatoa mkasi, na kabla sijasema lolote, ukucha wangu wa gumba ulikuwa sakafuni. Kisha akanibandika kwa gundi kucha kumi za plastiki, rangi ya waridi, kila moja na ua dogo jeupe. Alisema gundi ile haiachii hata ukiomba.

Shida ilikuwa kwamba nilikuwa na injini wazi karakanani. Jirani yangu na mteja wangu wa zamani, Papa Jeremi, alikuwa amejitolea lori lake kama zawadi ya arusi. Ijumaa lingeshuka Tchomia, lilale huko, na Jumamosi asubuhi lipande na bakwe wote, watu thelathini na zaidi, mpaka kanisani. Lakini lilikuwa linatoa moshi na kugonga, kwa hiyo tukakubaliana nilifungue na kulifunga kabla ya hapo. Hiyo ndiyo ingekuwa injini yangu ya mwisho, baada yake nakaa kwenye kiti.

Mmewahi kukaza nati na maua kwenye vidole? Nilishika spana kwa ncha za vidole, mikono nimeinyanyua juu kama mama anayevuka tope. Nilivaa mifuko ya plastiki mkononi, ikachanika. Kula fufu ilikuwa kazi nyingine kabisa. Papa Jeremi alikaa juu ya tairi akinitazama ninavyoshika spana, ambayo yeye anaiita kle.

"Mama Furaha, leo unashika kle sawa vile unashika mutoto muchanga."

"Nyamaza, nafanya kazi."

"Naona. Mutoto atalala sasa hivi."

Nilifanya yote kama nilivyofundishwa. Kichwa cha injini nilikipaka petroli ya taa, nikakifuta kikauka, nikakinyunyizia unga mwembamba wa muhogo na kusubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka taratibu na kuchora mstari kwenye unga. Hakukuwa na mstari. (Fanyeni hivyo mbali na kuku. Kuku mmoja wa Muzee Anselmi aliwahi kula ushahidi wote.) Nililaza rula ya chuma juu yake, nikainama kutazama kama mwanga unapita chini, haukupita. Pete mpya za pistoni, za kuponya ule moshi, nilizitumbukiza kila moja kwenye tundu lake nikapima mwanya. Matayo mpaka Paulo, wote wazima.

Nikafika kwenye mhimili. Nikapitisha ukucha wa plastiki. Shingo ya kwanza laini, ya pili laini, ya tatu laini, zote sita laini kama siagi. Na kusine vilevile. Nilifurahi sana. Papa Jeremi alikuwa amenunua sanduku zima la kusine mpya, nikamrudishia likiwa limefungwa, nikamwambia za zamani bado zina nguvu, hizo aziweke ndani ya gari kwa siku nyingine. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mhimili wa lori lililokuwa linagonga unakuwa laini kuliko mpya. Akili yangu ilikuwa arusini. Alhamisi tulifunga, tukawasha, ikanguruma vizuri, nikaosha mikono nikaenda nyumbani nikijiona mtu.

Ijumaa asubuhi nyumba yangu ilijaa wanawake wa kuchambua mchele na maharagwe. Rejina alipita akikagua kila mtu kichwa na mikono. Akafika kwangu, akashika mkono wa kuume, akahesabu. Akahesabu tena.

"Kucha iko wapi?"

Nikatazama. Gumba lilikuwa tupu, na ukucha wangu mwenyewe chini yake mfupi kama wa mtoto.

"Iko mu muchele!" mtu akapiga kelele. Wanawake kumi na wawili wakaacha nyimbo, wakaanza kupekua mchele wa arusi punje kwa punje. Mwingine akasema pengine iko kwenye maharagwe, wakagawana makundi mawili. Shangazi mmoja alitangaza kwamba yeye amekunywa uji pale asubuhi na sasa anasikia kitu kooni.

Mimi sikupekua kitu. Nilikuwa nimekumbuka mkono wangu wa kuume, jana, ukiwa ndani ya injini mpaka kwenye kiwiko, ukipapasa njia ya nati ya mwisho, na ule ubaridi niliosikia kwenye gumba bila kujiuliza. Chini ya injini kuna bakuli la mafuta, na ndani ya bakuli kuna kichujio kidogo cha waya ambacho mafuta yote hunywewa kupitia hapo. Kitu cha plastiki kikienda kujibandika pale, mafuta yanapungua, shingo zinakauka, na injini inashikana. Lori lingeshikana wapi? Si kwenye tambarare, hakuna gari linaloharibikia kwenye tambarare. Lingeshikana kwenye ule mpando wa kutoka ziwani kuja Bogoro, kabla ya kufika Bunia, limejaa watu waliovaa nguo zao nzuri, na nyuma yake ni mteremko mtupu.

Sasa niwaambie ukweli. Nilikaa dakika nzima nikitafuta sababu ya kunyamaza. Nilijiambia plastiki ni nyepesi, itaelea. Nilijiambia pengine kweli iko kwenye maharagwe. Mimi ndiye niliyewafukuza watu karakanani kwa kufunga injini bila kuhesabu vitu vyao, nami nitawaambiaje? Niliona aibu kali. Halafu nikamwona shangazi yule wa Tchomia akilini mwangu, amekaa juu ya gari amevaa kofia ya kanisani, nikasimama nikaita pikipiki.

Nilimkuta Papa Jeremi kwenye njia panda, tayari kuondoka. Lori lilikuwa limepambwa maputo na majani, yeye mwenyewe amevaa suti na viatu vipya vya kamba.

"Papa Jeremi, zima motere."

"Ju ya nini? Siye tuko naenda kuleta bakwe yako."

"Kucha yangu imepotea."

"Kucha?"

"Ya plastiki. Ya kidole kikubwa. Naogopa iko ndani ya motere."

Aliizima. Akashuka polepole, akanizunguka mara moja kama anakagua tairi.

"Mama Furaha. Miaka yote hii unafukuza batu mu garaji ju ya kusahau bulon ao nati moja. Leo weye umesahau kidole?"

Tukarudi karakanani, maputo yakipasuka moja moja njiani kwa sababu ya vumbi na jua. Rejina alitufuata kwa pikipiki ya pili, akiwa amevaa kitenge chake cha rangi ya chungwa kilichotoka kwa fundi cherehani siku ile ile, akisema gundi yake haijawahi kuachia na kwamba kama imeachia ni mimi niliyeitukana.

Nililala chini ya lori, nikamwaga mafuta, nikashusha bakuli. Mafuta yote tuliyapitisha kwenye chujio la chai. Kichujio cha waya nilikitoa nikakigeuza mara tatu. Hakuna ukucha. Nikapapasa kila pembe ambayo mkono unafika. Hakuna.

"Bon, haiko," alisema Papa Jeremi. "Funga, twende."

Lakini niliposhika mhimili pale chini, gumba langu tupu likanikumbusha kwamba mara ya mwisho niliupima kwa plastiki. Nikarudia kwa ukucha wangu, ukawa hauna hata kiasi cha kukuna pua. Nikajaribu wa Papa Jeremi, yeye anakula kucha zake tangu utoto, hazipo. Ndipo nikageuza kichwa, nikaona kutoka chini ya lori viatu viwili vya kisigino, na kando yake mkono unaoning'inia wenye kucha tano za kweli, ndefu, ngumu.

"Rejina," nilisema. "Njoo hapa chini."

"Sishuke."

"Kidogo tu."

"Mimi? Chini ya kamio? Na hii kitenge?"

"Rejina, ni ju ya Furaha."

Tulimtandikia maboksi matatu na pazia la dirisha. Alijikunja, akajisukuma kwa mgongo, akiita majina ya marehemu wazazi wetu kuwa mashahidi. Kichwa chake na changu vikalala sambamba chini ya injini. Nilikuwa nimezifungua zile kusine moja baada ya nyingine, nikamwonyesha.

"Pitisha kucha pole pole. Usibonyeze. Huyu ni Matayo."

"Ni nani?"

"Pitisha tu."

Akapitisha. Laini. Marko, laini. Nikamhamisha kwenye shingo ya tatu. Akapitisha macho yakiwa yamefumbwa, na katikati ya njia mkono wake ukasimama.

"Ya! Imekamata!"

"Rudia."

"Imekamata tena. Palepale. Dada, hii kitu iko na kidonda."

Nilichukua kusine ya Luka, nikatoka nayo juani, nikaiinamisha huku na huku. Punje ndogo ya chuma ilikuwa imejizika ndani yake, ndogo kuliko punje ya chumvi, na kila mzunguko ilikuwa ikichimba mfereji kwenye shingo. Hiyo ndiyo sababu ya kule kugonga, ambako Alhamisi mafuta mapya mazito yalikuficha. Plastiki yangu nene iliteleza juu yake mara zote. Nilikaa chini kwenye udongo. Niliogopa kwa ajili ya wale watu, nikaogopa zaidi kwa sababu nilikuwa nimeipitisha mwenyewe na kuisifu.

Wakati huo Rejina alikwenda kwenye beseni kunawa. Tukasikia kelele ambayo ilileta majirani. Alikuwa amenyanyua kipande cha sabuni ya kufulia, ile kubwa ya kukata, na katikati yake ukucha wa waridi ulikuwa umesimama wima, na ua lake dogo jeupe. Ulikuwa umenaswa hapo tangu jana nilipoosha mikono. Haukuwahi kukaribia injini. Papa Jeremi alicheka mpaka akashika nguzo, halafu akatazama kusine mkononi mwangu, akaacha kucheka, halafu akaanza tena.

Kazi iliyobaki siwezi kuifanya na maua. Kucha tisa zilizosalia nilizing'oa kwa koleo, na kweli gundi ya Rejina ni nzuri, nililia machozi. Tulisukuma pistoni ya Luka juu ili tupate nafasi. Tundu la mafuta kwenye shingo nililiziba kwanza kwa kitambaa, msisahau hilo, la sivyo vumbi la chuma litaingia ndani na kuanza upya ugonjwa mliokuwa mnauponya. Nikachukua msasa laini kuliko wote, nikauchovya mafuta, nikauzungushia shingoni. Juu yake inahitajika kamba ya kuvuta kulia na kushoto ili msasa usugue sawasawa pande zote. Kamba haikuwepo. Mimi na Rejina tulitazama viatu vya Papa Jeremi.

"Hapana," alisema. Lakini alikuwa ameshainama kuzifungua.

Nilisugua, nikaosha, Rejina akashuka tena kupima, safari hii bila kuitwa. Nikasugua tena. Mara ya nne akasema, "Imepita. Inapita sawa ku kioo." Tukafungua lile sanduku la kusine mpya nililolikataa, tukaziweka kwenye shingo zote sita, tukafunga, nikahesabu spana, nati, vitambaa na vidole vya kila mtu. Saa kumi alasiri Papa Jeremi aliondoka kwenda Tchomia, amevaa suti na viatu vilivyofungwa kwa waya wa shaba.

Furaha alikuwa kwenye ngazi nilipofika nyumbani. Alitazama mikono yangu. Ilikuwa nyeusi mpaka kwenye mikunjo, na ncha za vidole nyekundu pale nilipong'oa. Nilimweleza habari yote, pamoja na sabuni. Hakucheka. Aliniambia nipumzike, akaingia chumbani kwake. Nilisugua kwa mchanga, ndimu, majivu na unga wa kufulia, lakini mafuta ya injini yaliyopikwa hayatoki kwa siku moja, nyinyi mnajua. Nililala na ahadi yangu iliyovunjika.

Jumamosi lori lilifika saa tatu na nusu asubuhi, likinguruma taratibu, bila moshi. Papa Jeremi alishuka wa kwanza, ameongeza kofia pana yenye unyoya wa jogoo, na sura yake tu ilinionyesha kwamba ameongea njia nzima. Bakwe wakashuka mmoja mmoja wakinitazama. Mimi nilikuwa mlangoni mwa kanisa, mikono nimeizungushia ncha ya kitenge kama mtu anayesikia baridi.

Papa Yona alikuja moja kwa moja.

"Mama ya Furaha," alisema, "huyu shofere ametueleza habari yako kutoka Tchomia mpaka hapa. Mara tatu."

Nilianza kuomba samahani, nikisema mikono yangu leo haifai. Nilisikia gauni likikwaruza kokoto kando yangu. Furaha alikuwa ameshuka kwenye gari lake, na glavu zake nyeupe zilizofika juu ya viwiko. Aliingiza mkono ndani ya kitenge, nikaukamata kwa vidole vyenye jasho, akauvuta wangu nje mbele ya watu wote, akauweka kwenye mkono wa Papa Yona, na yeye akaweka wake juu.

"Papa, hii njo mukono ya mama yangu," alisema. "Mushike muzuri."

Akaushika kwa mikono yote miwili. Shangazi naye akaja akaushika, akaugeuza, akautazama kiganjani, akasema kwa ile sauti yake ndogo inayosikika barabarani, "Kumbe ni muzima kabisa." Rejina alipiga kelele, "Glavu! Glavu!" lakini alikuwa amechelewa. Vidole vyangu vinne vilikuwa vimechapwa vyeusi juu ya kile kitambaa cheupe, na ndivyo Furaha alivyoingia kanisani.

Wiki iliyofuata mpiga picha alikuja na kompyuta yake ili tuchague picha. Kwenye kila picha, doa lilikuwepo. Alitutuliza, akasema ni kazi ya dakika mbili, kompyuta inafuta kabisa, glavu itabaki nyeupe, hakuna mtu atajua. Alikuwa ameshaweka kidole tayari kubonyeza.

"Kama unatafuta kitu ya kufuta, futa kofia ya Papa Jeremi," Furaha akamwambia. "Hii usiguse. Iko ya mama."